Kompyuta inasoma mifupa, lakini jina la mwanao liko nyumbani kwako

Agosti 11, 2025 mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, uliporomoka na watu 25 wakafukiwa chini. Kazi ya kuwatafuta ilichukua wiki kadhaa. Katika ajali za namna hii, siku za mwanzo ndugu wanaokaa juu ya shimo huwa na swali moja: yuko hai? Siku zikienda, swali hubadilika, na hili la pili ni zito hata kulitamka: akitolewa, nitamtambuaje?

Mzazi wa Kahama, Msalala, Mbogwe, Nyang'hwale au Geita mjini hahitaji kuelezwa sana. Kijana anaaga asubuhi kwamba anakwenda kujaribu bahati kwenye rashi mpya. Anapiga simu wiki ya kwanza, anatuma hela kidogo mwezi wa pili, kisha simu haipatikani. Labda amebadilisha laini. Labda amehamia Chunya. Labda yumo kwenye duara ambalo halikuwa na matimba ya kutosha, na waliokuwa naye walimjua kwa jina la utani tu.

Na usimwambie mzazi huyo aanue matanga kabla hajauona mwili. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangarata, Kahama. Novemba 15 watano kati yao wakatolewa wakiwa hai, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Ukiishi jirani na habari kama hiyo, kukata tamaa kunakuwa kama kumsaliti mwanao.

Ndiyo maana habari za akili mnemba kusoma mifupa ya binadamu zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Ukisikiliza maneno ya vijiweni utaamini kwamba siku hizi kompyuta inalitazama fuvu na kutaja jina la mwenyewe. Haitaji. Inachoweza kufanya ni kikubwa, ila ni kingine, na mzazi akikielewa ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi inabaki mikononi mwake.

Mifupa inasema nini

Mtu mzima ana mifupa 206. Nyama ikishaondoka, mtaalamu wa mifupa anayesaidia polisi na mahakama huanza na maswali manne: ni ya binadamu au ya mnyama, ni mwanamume au mwanamke, alikuwa na umri gani, na alikuwa na urefu gani.

Jinsia husomwa zaidi kwenye nyonga. Ya mwanamke ni pana na imeachia njia ya mtoto, ya mwanamume imebana. Fuvu husaidia pia: matuta juu ya macho, ukubwa wa mfupa nyuma ya sikio, umbo la kidevu. Urefu hukadiriwa kwa kupima mifupa mirefu, hasa fupa la paja.

Umri ndio mtamu zaidi kuueleza. Mifupa ya mtoto na kijana haijaungana. Kwenye ncha zake kuna gegedu laini ambako mfupa unakua, na kila mfupa una wakati wake wa kufunga. Wa mwisho kabisa ni mtulinga, ule mfupa ulalao kati ya shingo na bega. Ncha yake ya upande wa kifua hufunga mtu akiwa anakaribia miaka 30. Kwa hiyo mtaalamu akikuta mtulinga ambao haujafunga, anajua ameshika mfupa wa kijana. Rika hilo hasa ndilo linaloshuka kwenye maduara.

Kwa mtoto mdogo mambo ni mengine. Meno yake yanaweza kutaja umri kwa karibu sana, lakini kama alikuwa wa kike au wa kiume mifupa haisemi kwa uhakika, kwa sababu tofauti hizo huja na balehe. Mtu yeyote akikuambia ameutazama mfupa wa mtoto wa miaka mitano kwa macho na kujua ni binti, mwulize amejuaje.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwaka 2019 watafiti wa Adelaide, Australia, waliipa kompyuta picha 900 za mafuvu zilizopigwa kwa mashine ya CT, kila picha ikiwa na jibu lake: huyu mwanamume, huyu mwanamke. Hawakuifundisha kanuni za matuta wala kidevu. Waliiacha izitazame na kujirekebisha kila ilipokosea. Kisha wakaipa mafuvu mengine 100 ambayo haijawahi kuyaona. Ilipatia 95.

Anayefuga ataelewa haraka. Mchungaji wa Kisukuma hakufundishwa darasani namna ya kumtambua ng'ombe wake kati ya mia tatu mnadani. Ameona ng'ombe wengi kwa muda mrefu, basi. Ukimuuliza amejuaje, atakupa sababu mbili tatu, lakini kujua kwake ni zaidi ya hizo sababu. Kompyuta inajifunza kwa njia inayofanana na hiyo, tofauti ni kwamba inaona picha elfu kwa saa na haichoki.

Sasa mchukue mchungaji huyohuyo, ambaye maisha yake yote ameona ng'ombe wa kienyeji, umwonyeshe mtamba wa Kizungu wa maziwa na umuulize umri. Atakosea kwa sababu mtamba yule ni mkubwa kuliko wote aliowazoea wa umri ule. Macho yake hayana shida, shida ni zizi alilokulia.

Zizi la kompyuta

Mifupa ambayo wataalamu wameitumia kujifunzia kwa karibu miaka mia moja inatoka mahali pachache. Kuna mkusanyiko wa Hamann-Todd, Cleveland, wenye mifupa ya watu zaidi ya 3,000. Kuna wa Terry, uliokusanywa St. Louis na sasa uko Washington. Afrika, inayotajwa sana ni ya Afrika Kusini: wa Raymond Dart kule Johannesburg na wa Pretoria. Kanuni na programu nyingi zimezaliwa humo, au kwenye picha za hospitali za Ulaya, Marekani na Asia. Kijana wa Nyang'hwale aliyekulia ugali, michembe na kubeba maji kichwani hayumo.

Hili si jambo la kinadharia. Kanuni za kukadiria urefu zilizotumika sana duniani ziliandikwa mwaka 1952 na Mildred Trotter na mwenzake Goldine Gleser, kwa kupima mifupa ya askari wa Marekani. Miaka ya 1990 watafiti wengine waligundua kwamba Trotter hakuupima mfupa wa muundi kama alivyoandika kitabuni. Aliiacha nje ncha ya chini, ile inayotengeneza kifundo cha mguu. Kwa miaka zaidi ya 40 watu walipima kama kitabu kinavyosema, wakapata urefu usio sahihi, na hakuna aliyejua. Kompyuta ikilishwa vipimo vya aina hiyo haitalalamika. Itavimeza na kutoa jibu kwa kujiamini.

Wazazi wenye watoto wachezaji wameshakutana na sayansi hii kwa jina jingine. Kipimo cha kifundo cha mkono kinachotumiwa kwenye mashindano ya soka ya vijana chini ya miaka 17 ni kusoma kama mfupa umefunga au bado. Huko nako kompyuta imeingia. Mwaka 2017 madaktari wa picha wa Marekani walishindanisha programu za kompyuta kwa kutumia picha zaidi ya 14,000 za mikono ya watoto, na zilizoongoza zilikosea kwa wastani wa miezi minne na kidogo tu. Ni kazi nzuri sana. Lakini zilikuwa picha za watoto wa hospitali za Marekani, na kitabu maarufu cha kulinganishia umri wa mkono, cha Greulich na Pyle, kilitokana na watoto wa familia zenye uwezo za Cleveland waliopigwa picha kuanzia miaka ya 1930. Mtoto aliyekosa lishe mifupa yake huchelewa. Binti wa miaka 18 anaweza kusomeka kama wa 16.

Fikiria maana yake machimboni. Sheria yetu hairuhusu mwenye umri chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini. Siku ikitokea ajali na mifupa ikasomwa kwamba ni ya mtoto wa miaka 15 hadi 17, familia inayomtafuta kijana wa miaka 19 inaweza kuambiwa siyo wake. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hatoi namba moja. Anatoa masafa: kati ya 16 na 21. Ukipewa namba moja kavu, dai masafa.

Fuvu la Mkwawa

Kuna kisa kila aliyesoma historia ya darasa la sita anakijua nusu. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alifariki mwaka 1898 na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza kirudishwe. Kikarudi mwaka 1954, na kipo Kalenga, Iringa.

Nusu nyingine hatuisimulii sana. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu mengi. Alichagua kwa vipimo. Alilinganisha umbo la mafuvu na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, akapunguza, akapunguza, hadi akabaki na lenye tundu la risasi. Alifanya kwa rula kile kile ambacho kompyuta sasa inafanya kwa picha: kutafuta linalofanana zaidi. Linalofanana zaidi si lazima liwe lenyewe, na ndiyo maana mashaka juu ya fuvu lile hayajawahi kwisha.

Linganisha na habari ya Septemba 2023. Makumbusho ya Berlin yalikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki ya enzi za Wajerumani. Wazungu wale waliyapima vichwa hivyo kila upande kwa miaka mingi bila kujua ni vya nani, na kusema kweli hawakutaka kujua. Safari hii watafiti walichukua vinasaba, yaani DNA, kutoka kwenye baadhi ya mafuvu ya upande wa Kilimanjaro na kuvilinganisha na mate ya watu wanaoishi huko leo. Wakapatikana ndugu walio hai wa marehemu watatu. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Kumbe alikuwa mtu wa karibu wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900. Kilichofungua mlango ni mate ya wajukuu.

Mate ya mama

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Mifupa, isomwe na mtaalamu au na kompyuta, inapunguza orodha. Kama familia 60 zinatafuta watu na mifupa inaonyesha kijana wa kiume mrefu, aliyewahi kuvunjika mkono wa kushoto, orodha inaweza kubaki na familia tatu. Kompyuta itafanya hivyo kwa haraka, hasa mifupa ya watu wengi ikiwa imechanganyika, maana inaweza kusaidia kuoanisha paja la kulia na la kushoto. Baada ya hapo vinasaba ndivyo vinavyotoa jina, na vinasaba bila ndugu wa kulinganisha ni karatasi tupu.

Nchini kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Inaongozwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Huwezi kujiendea tu na mfupa mkononi. Maombi hupitia polisi, mahakama au maofisa wengine waliotajwa na sheria. Kinachochukuliwa kwako hakiumi: kijiti chenye pamba hupanguswa ndani ya shavu. Kwa marehemu, jino zima au kipande cha fupa la paja ndicho kinachotunza vinasaba kwa muda mrefu.

Nani apanguswe? Kwetu familia ni kubwa, tena mara nyingi baba ni mmoja na mama ni wawili au watatu. Bora kuliko wote ni mama na baba wazazi. Wasipokuwepo, ndugu wa tumbo moja. Kuna aina ya vinasaba inayorithiwa kwa mama peke yake, hivyo mama mkubwa na mama mdogo, wale wa tumbo moja na mama, wanafaa. Kuna inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, hivyo baba mdogo naye anafaa kama anayetafutwa ni mwanamume. Hapa pana jambo la kuambiana mapema na kwa staha: kama mtoto mnayemtafuta alilelewa tu, au baba anayemjua siye aliyemzaa, mtaalamu aambiwe faraghani. Siri hiyo ikifichwa, majibu yatasema "siyo wenu" na kijana atazikwa bila jina.

Wakenya wameliona hili Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 miili 429 ilifukuliwa msituni, mingi ikiwa ya watoto. Karibu mwaka mzima baadaye, Machi 2024, ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa ndugu zao, na wakati huo waliotambuliwa kwa vinasaba walikuwa 34. Wataalamu walikuwepo, mashine zilikuwepo. Wengi wa waliozikwa kule hawakuwa na ndugu aliyejitokeza kutoa mate, pengine kwa sababu nyumba nzima ilikwisha, pengine kwa sababu waliobaki hawakujua pa kuanzia.

Mifupa isiyo na jina hutafutiwa mchawi

Shinyanga na Geita tuna sababu yetu ya ziada ya kulichukulia hili kwa uzito, na si vyema kuizunguka. Kifo kisichoelezeka hapa kwetu hakikai bila maelezo. Familia itakwenda kwa mganga, ramli itapigwa, na mara nyingi jibu litakuwa bibi fulani wa jirani mwenye macho mekundu. Macho yale yamewekundishwa na moshi wa miaka 50 jikoni. Vikongwe wameuawa kwa mapanga katika mikoa hii kwa ramli za namna hiyo. Ripoti inayosema huyu ni mwanenu, mbavu zilivunjwa na uzito wa udongo, duara liliporomoka, inaweza kumwokoa bibi ambaye hata hajui kwamba jina lake limetajwa.

Kuna pia wenzetu wenye ualbino. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 huko Bukombe, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa Shinyanga na sasa ni Geita. Miaka hiyo familia zilimwaga zege juu ya makaburi ili mifupa isiibwe. Basi ijulikane: ualbino uko kwenye ngozi, nywele na macho. Umbo la mfupa wa mwenye ualbino ni sawa na la mtu mwingine yeyote, na hakuna mtaalamu wala kompyuta itakayouona kwa kutazama. Wanaouziana mifupa hiyo kwa bei wanauziana uongo juu ya damu ya mtoto wa mtu.

Na kuna Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa eneo lile kupisha kampuni, na tangu hapo kukawa na madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai hayo, huku wanasheria wa LEAT wakishikilia kwamba unahitajika uchunguzi huru. Sina la kuamua hapa. Ninachokiona ni kwamba miaka yote hiyo watu walishindana kwa orodha za majina, mkanda wa video na taarifa za maandishi, mambo ambayo kila upande huweza kuyakataa.

Kuna upande wa mkate pia. Mke wa mchimbaji aliyepotea si mjane na si mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu kumwomba hakimu amhesabu mumewe kuwa amefariki kama hajasikika kwa miaka 5 na wale ambao angewasiliana nao. Miaka mitano ni darasa la kwanza hadi la sita. Shamba haligawanywi, mirathi haifunguliwi, watoto wanakula kwa nani?

Kabla hajaondoka

Ukimkataza kijana kwenda machimboni ataondoka usiku, hilo wazazi tunalijua. Basi aage vizuri. Mpige picha kwa simu akiwa amecheka, meno yaonekane, hasa kama ana pengo, jino lililopishana au lililokatika. Picha ya meno imewahi kumaliza kesi duniani kote kwa dakika tano, na haihitaji maabara. Kama aliwahi kuvunjika akapigwa eksirei, usiitupe ile bahasha kubwa ya hospitali iliyokaa juu ya kabati. Mfupa uliounga hubaki na alama yake, na alama hiyo ikilingana na picha ya zamani ni ushahidi. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na urefu wake vikae pamoja.

Mwambie akutajie jina la machimbo, la mwenye duara na la mwenzake mmoja, tena majina ya kwao, siyo ya utani. Simu ikikatika, usisubiri mwaka. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi, uchukue namba ya RB, uitunze kama unavyotunza hati ya kiwanja. Mjulishe ofisa wa polisi kwamba wewe mzazi uko tayari kutoa sampuli ikihitajika, na uombe hilo liandikwe.

Na ikitokea mifupa imeonekana, shambani, mtoni au kwenye shimo la zamani, watoto waondolewe na mtu asiguse. Isioshwe, isikusanywe kwenye kiroba, fuvu lisibebwe kupelekwa kwa mtendaji ili aamini. Jinsi mifupa ilivyolala ni nusu ya habari yake, na vipande vidogo vya mkononi, vile vinavyotaja umri wa mtoto, ndivyo vya kwanza kupotea. Weka matawi kuzunguka eneo, acha watu wawili walinde mbwa wasifike, na umpigie mtendaji wa kijiji aje na polisi pale pale ilipo.